Merikani ya bibi, na mashine ambazo hazikumpunguzia mtu kazi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akienda dukani haombi kitambaa, anaomba merikani. Siku moja nikiwa kama darasa la tano nilimsindikiza Kariakoo, anatafuta nguo ya kushonea foronya na gagulo, kijana wa duka akamtandikia jora jeupe linang'aa mpaka linaumiza macho. Bibi akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisukuma pembeni. "Mwanangu hii imejaa wanga, ukiifua mara mbili inabaki wavu. Nipe merikani." Kijana akapanda ngazi huku ananung'unika, akashusha jora lingine la rangi ya maziwa yaliyoganda, zito, limejaa vidoa vidoa vya kahawia kama mtu kalinyunyizia pumba. Mi nikaona hiki si ndo kibaya sasa. Bibi akatoa hela bila hata kubishana bei, na kwa wanaomjua bibi yangu hilo lilikuwa tukio.

Miaka imepita ndo nikaja kushtuka kwamba lile jina lilikuwa linaongea. Merikani ni Marekani tu, hamna siri. Ni kitambaa kilichoshuka Unguja na meli za Massachusetts, hasa za bandari ya Salem, kwenye nusu ya kwanza ya karne ya 19, na watu wakakiita kwa jina la waliokileta. Mwaka 1833 Edmund Roberts alisaini mkataba wa biashara na Sayyid Said kwa niaba ya serikali ya Marekani, na mwaka 1837 wakawa na konsuli wao wa kwanza Unguja, Richard Waters, ambaye naye alikuwa mfanyabiashara wa hukohuko Salem, yaani mwakilishi wa serikali na dili zake mfukoni. Kutoka hapo merikani ikaingia bara mpaka ikawa hela. Pagazi analipwa kwa mikono ya merikani, posho ya njiani inanunuliwa kwa merikani, machifu wa njiani wanapewa hongo kwa merikani (hongo ile ya zamani, ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu, kabla neno halijaharibika).

Sasa ukitaka kuelewa mapinduzi ya viwanda ya Marekani, yale tuliyokariri shuleni kwa orodha, mashine hii kagundua fulani mwaka fulani, mtihani ukiisha unasahau, mi naona shika hilo jora la bibi ufuate uzi kurudi nyuma. Ukifuata vizuri kuna kitu utakiona ambacho orodha haikuambii. Tunafundishwa kwamba mashine zilipunguza kazi. Mi nasema hapana, zilihamisha. Kazi ilitolewa mkononi mwa mtu mmoja anayeonekana ikapelekwa mgongoni mwa mtu mwingine ambaye haonekani, afu tukaambiwa imeisha.

Tuanze na kusokota nyuzi, na hapa ndo kuna kichekesho cha kwanza, manake baba wa viwanda vya Marekani ni jamaa aliyekopi. Samuel Slater alizaliwa Derbyshire, Uingereza, mwaka 1768, akawekwa uanagenzi kwenye kiwanda cha Jedediah Strutt ambaye alikuwa mshirika wa Richard Arkwright, mwenye ile mashine ya kusokotea nyuzi inayozungushwa na maji. Uingereza ilikuwa inalinda hizo mashine kama dhahabu, ni kosa kutoa mashine nje ya nchi, ni kosa kutoa mchoro, na hata fundi mwenyewe hakuruhusiwa kuhama. Slater hakubeba mchoro. Alibeba kichwa. Mwaka 1789 akapanda meli kwenda New York kama mtu wa kazi za shamba tu, na mwaka uliofuata yuko Pawtucket, Rhode Island, kwa mfanyabiashara anaitwa Moses Brown aliyekuwa amenunua mashine zisizofanya kazi, Slater akaziangalia akasema hizi hapana, akazijenga upya kwa kumbukumbu. Mwezi Desemba 1790 zikaanza kusokota. Rais Andrew Jackson alikuja kumwita baba wa viwanda vya Marekani, kwao Derbyshire wakamwita msaliti, na ukifikiria wote wako sahihi.

Kwa hiyo siku hizi Wamarekani wakilalamika kwamba kuna nchi zinawaibia teknolojia mi huwa natabasamu kidogo. Sisemi wizi ni sawa. Nasema kila aliyepanda hiyo ngazi alipita dirishani, akishafika juu ndo anakumbuka mlango una kufuli.

Ila turudi kwenye kazi. Nani alikuwa anaendesha zile mashine za Slater? Watoto wa miaka 7 mpaka 12. Mashine ilikuwa imerahisisha kusokota mpaka hakuhitajiki mama mwenye mkono wa miaka 20, anahitajika mtu mwenye vidole vyembamba vya kuunga uzi ukikatika na asiyedai hela nyingi. Baadaye Slater akawa anaajiri familia nzima nzima, baba, mama na watoto, wanakaa nyumba za kampuni, wananunua duka la kampuni. Unaona ilivyohama hapo? Bibi mmoja kule kijijini kapumzika gurudumu lake la kusokotea, mtoto wa miaka 8 kaamshwa alfajiri.

Sasa kiwanda kikisokota haraka kinataka pamba, na pamba ndo ilikuwa ishu. Hapa anaingia Eli Whitney. Kijana kamaliza chuo cha Yale mwaka 1792, kaenda Georgia kutafuta kazi ya kufundisha watoto wa watu, akafikia kwenye shamba la Mulberry Grove la mjane anaitwa Catharine Greene. Pamba iliyokuwa inakubali bara kule ni ile ya nyuzi fupi, na mbegu zake zimeng'ang'ania hasa, sio kama ile ya nyuzi ndefu ya visiwani ambayo ukiipitisha kwenye rola mbili mbegu inatoka. Mtu mmoja kwa mkono alikuwa anachambua kama ratili moja tu (kama nusu kilo) ya pamba safi kwa siku. Mwaka 1793 Whitney akatengeneza kasha lenye pipa la mbao lililopigwa meno ya waya, likizungushwa meno yanavuta nyuzi kupitia upenyo mwembamba ambao mbegu haipiti, afu brashi kwa nyuma inazipangusa. Basi. Ukiiona unasema hata mi ningeweza. Mwenyewe alijinadi kwamba inatoa ratili 50 kwa siku. Kiswahili chetu kazi hiyo tunaiita kuchambua, neno hilohilo la kuchambua mchicha na kuchambua habari, kutenga kinachofaa na kisichofaa. Na vile vidoa vya kahawia kwenye merikani ya bibi ndo hivyo, vipande vya ganda la mbegu vilivyoponyoka kwenye meno ya mashine vikaenda mpaka vikafumwa ndani ya nguo, kitambaa kisipopaushwa vinabaki.

Whitney alipata hataza yake, patenti kama wengi tunavyoita, mwezi Machi 1794. Na hela hakupata ya maana. Yeye na mshirika wake Phineas Miller walikuja na tamaa ya ajabu, hawauzi mashine, wanataka wakuchambulie pamba yako afu wachukue sehemu mbili kwa tano za mavuno. Wakulima wakacheka. Fundi seremala na mhunzi wa kijiji wanaweza kukutengenezea kasha lako kwa wiki, utampa Whitney karibu nusu ya pamba kwa lipi? Akahangaika mahakamani kwa miaka, ushindi wa maana ukaja mwaka 1807 wakati hataza inakaribia kuisha, na mwaka 1812 akaomba bunge limuongezee muda likamkatalia.

Lakini hilo la hela za Whitney ni dogo. Kubwa ni hili. Kuchambua kulikuwa ndo shingo ya chupa. Ukiipanua shingo, kinachofuata ni kwamba sasa inalipa kulima pamba kila mahali, na kulima na kuchuma hakukuwa na mashine, ni mikono na mgongo, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Mwaka 1790 Marekani ilikuwa na watumwa wasiozidi 700,000. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4. Marobota ya pamba yametoka elfu chache kufika kama milioni 4, na pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya kila kitu Marekani inauza nje. Katikati ya miaka hiyo watu kama milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo kama Virginia na Maryland kupelekwa kusini zaidi na magharibi, Alabama, Mississippi, Louisiana, mtu anauzwa mbali na mke, mtoto anauzwa mbali na mama, kwa sababu shamba jipya la pamba linataka watu. Kuna waliokuwa wanaamini kwamba utumwa utajifia wenyewe taratibu kwa kukosa faida. Kasha la meno ya waya likaupa maisha mapya.

Mtu atasema sio kosa la mashine. Sawa, mashine haina dhambi. Ila ukiandika kwenye kitabu kwamba mashine ya Whitney iliokoa nguvu kazi, uwe mkweli kidogo useme ya nani. Iliokoa nguvu ya yule aliyekuwa anachambua kibarazani usiku, ikamtoa ikampeleka kuchuma juani, na ikamuongezea wenzake mamilioni.

Robota limefungwa, tupande nalo kaskazini. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikaa Uingereza kuanzia 1810 mpaka 1812, kwa maelezo yake alienda kwa ajili ya afya. Akawa anatembelea viwanda vya Manchester na Scotland, tajiri mgeni mwenye adabu, nani atamshuku, anaangalia mashine za kufuma zinazoendeshwa kwa nguvu ya maji na mvuke, anameza. Mtindo uleule wa Slater ila huyu kavaa suti. Aliporudi akashirikiana na fundi hodari Paul Moody wakaunda ya kwao, mwaka 1813 wakaanzisha kampuni ya Boston Manufacturing, na mwaka 1814 pale Waltham kwenye mto Charles kikaanza kiwanda ambacho kilikuwa na kitu kipya kwelikweli. Ubunifu wao haukuwa mashine. Ulikuwa ni kuweka kila kitu chini ya paa moja, robota linaingia mlango huu, linasafishwa, linasokotwa, linafumwa, linatoka mlango ule jora. Na hela za kujengea zilitoka kwa wenye hisa, sio mfuko wa familia moja. Mi nikiulizwa uvumbuzi mkubwa wa Marekani ya wakati ule ni upi nitasema ni huo, mpangilio, kuliko chuma chochote walichochonga.

Lowell akafa mwaka 1817 akiwa bado kijana, wenzake wakatafuta maji mengi zaidi, wakayapata kwenye maporomoko ya mto Merrimack, wakanunua mashamba ya wakulima wa pale kimyakimya kabla habari hazijavuja bei ikapanda (hii michezo ya ardhi kumbe ni ya zamani), wakajenga mji mzima na kuuita Lowell. Wafanyakazi wakawatoa wapi? Mabinti wa wakulima wa New England, wengi kati ya miaka 15 na 30. Kampuni ikajenga mabweni, kila bweni na mama mlezi, milango inafungwa saa nne usiku, Jumapili kanisani ni lazima, ili mzazi kule kijijini asiogope kumruhusu mwanae. Kiangazi kengele ya kuamka inalia saa kumi na nusu alfajiri, na kwa wiki mtu anapiga kama masaa 73. Ndani madirisha yamefungwa hata kama kuna joto la kuzimia, manake uzi wa pamba ukikauka unakatika, kwa hiyo hewa inatakiwa ibaki na unyevu, imejaa vumbi la pamba, na kelele za mashine mamia zinagonga kwa pamoja mpaka watu wanaongea kwa kusomana midomo.

Nisiwe mchoyo, wale mabinti walipata kitu. Mshahara mkononi wa mwanamke mwenyewe, mwaka ule, si jambo dogo, walikuwa wanasoma, wanahudhuria mihadhara, walikuwa na gazeti lao la kuandika hadithi na mashairi. Na hawakuwa wanyonge. Mwaka 1834 kampuni zilipotangaza kupunguza ujira, kama 800 waliweka zana chini wakaandamana mjini, wakisema sisi ni mabinti wa watu huru hatutafanywa watumwa. Wakashindwa. Mwaka 1836 kampuni zikapandisha gharama za bweni, wakagoma tena na safari hii walikuwa wengi zaidi. Mwaka 1845 Sarah Bagley na wenzake walikuwa wamesimamisha chama chao, wanapeleka saini kwa maelfu kwenye bunge la Massachusetts kudai siku ya kazi iwe masaa kumi. Bunge likasikiliza, likasema sio kazi yetu kuingilia.

Hayo maneno yao, kwamba sisi sio watumwa, yasome ukiwa unakumbuka pamba iliyokuwa mbele yao imetoka wapi. Baadhi yao waliliona, kulikuwa na chama cha wanawake wa Lowell cha kupinga utumwa tangu 1834. Na viwanda vya kule kaskazini vilikuwa vinafuma kitambaa kigumu cha bei ya chini maalum kwa ajili ya kuvalisha watumwa wa kusini, kitambaa ambacho watumwa wenyewe walikiita Lowell. Zungusha hiyo kichwani. Mtumwa anachuma pamba Alabama, inapanda kaskazini, binti wa Vermont anaifuma, inashuka inamvaa yuleyule aliyeichuma, na jora lingine linapakiwa Salem kuja Unguja. Charles Sumner, aliyekuja kuwa seneta, alisema kuna muungano kati ya mabwana wa mjeledi na mabwana wa mashine za kufuma, na mi sina namna nzuri zaidi ya kusema.

Sasa nitoke kidogo kwenye nguo nije kwenye spea, manake hapa ndo maisha yetu ya kila siku yalipo. Ukiharibikiwa na pikipiki leo fundi anakwambia kalete klachi pleti, unaenda dukani unanunua, inaingia bila kuuliza. Mwaka 1790 hakukuwa na kitu kama hicho. Bunduki ilitengenezwa na fundi mmoja, kila kipande kimepigwa tupa mpaka kikubaliane na mwenzie, ukivunja kipande unarudi kwa fundi akuchongee kingine. Whitney huyuhuyu wa pamba, akiwa na madeni ya kesi, mwaka 1798 akaiambia serikali atatengeneza bunduki 10,000 kwa kama miaka miwili, vipande vyote vinabadilishana, na hapo alikuwa hajawahi kutengeneza bunduki hata moja. Serikali ikatoa advansi. Mwaka 1801 akaenda Washington mbele ya John Adams na Thomas Jefferson, akamwaga vipande mezani, akachagua chagua akaunga, wakubwa wakapiga makofi. Wanahistoria waliokuja kuzichunguza bunduki zake wamekuta vipande vina alama za kuvipanga na havibadilishani hivyo alivyodai, kwa hiyo ile ilikuwa shoo. Bunduki za mwisho alizikabidhi mwaka 1809. Tenda ya serikali, advansi, kuchelewa miaka zaidi ya minane, onyesho la kuvutia wakubwa. Msomaji wangu wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo ya ziada hapo.

Walioifanya kweli hawana majina makubwa. John Hall kwenye karakana ya serikali Harpers Ferry, miaka ya 1820, ndo alifikia bunduki ambazo unaweza kufungua nyingi ukachanganya vipande ukaunga upya zikapiga. Alitumia muda na hela nyingi sana kwenye vipimo, kila kipande kina geji zake za kukikagua. Na Thomas Blanchard kule Springfield, Massachusetts, alikuja na mashine ya kuchonga kitako cha bunduki. Unajua yule jamaa wa mtaani anayechonga funguo, anabana funguo yako upande huu, chuma kitupu upande huu, kidole cha mashine kinapapasa meno ya funguo yako na kisu kinafuata mwendo uleule? Ndo hiyo hiyo. Blanchard aliweka kitako cha mfano, gurudumu linakipapasa, kisu kinachonga gogo, na kitu ambacho fundi alikuwa anakitolea jasho siku nzima kikawa kazi ya kijana aliyejifunza wiki mbili. Waingereza walipokuja kuangalia miaka ya 1850 wakaondoka na mashine za Kimarekani kwenda kuziweka kiwanda chao cha bunduki Enfield, na wakaupa jina, mfumo wa Kimarekani. Wizi wa Slater ukawa umelipwa kwa pesa taslimu.

Angalia pia nani alitoa hela. Ni jeshi. Hakuna tajiri ambaye angevumilia miaka yote ile ya hasara kutafuta kipande kinachofanana na kipande. Mfereji wa Erie vilevile, ulichimbwa na jimbo la New York kuanzia 1817 mpaka 1825, kilomita kama 584 kutoka mto Hudson hadi Buffalo, na wakosoaji waliucheka wakauita mtaro wa Clinton, jina la gavana aliyeusimamia. Ulipofunguliwa nauli ya tani moja ya mzigo ikashuka kutoka kama dola 100 hadi kama dola 10. Waliochimba kwa sururu na majembe wengi walikuwa vibarua, Wairish hasa walivyozidi kuja, na kwenye vinamasi vya Montezuma malaria iliwaangusha vibaya, ugonjwa tunaoujua sisi kama ndugu wa ukoo. Telegrafu ya Samuel Morse nayo, ule waya wa Washington hadi Baltimore wa mwaka 1844, ni dola 30,000 za bunge. Na meli ya mvuke ya Robert Fulton ya 1807 ilikuwa na injini ya kununua Uingereza, na mtu wa kwanza kuendesha meli ya mvuke mbele za watu kule hakuwa yeye, John Fitch alishafanya hivyo mwaka 1787 akafa maskini. Hiyo stori ya kijana mmoja kwenye gereji lake anayebadilisha dunia bila msaada wa serikali, kwa Marekani ile haipo.

Kinachoniuma zaidi ni majina ambayo hataza haikuyaruhusu kuandikwa. Mashine ya kuvunia ngano ya Cyrus McCormick, Virginia 1831, ilitengenezwa kwa mikono ya McCormick na ya Jo Anderson, mtumwa wa familia yao, na hati ilikuwa na jina moja tu. Afu kuna kesi ya Ned. Ned alikuwa mtumwa Mississippi, akabuni zana ya kupalilia pamba, bwana wake Oscar Stuart akaandika kuomba hataza kwa jina lake mwenyewe, kwamba mtumwa ni mali yangu basi na akili yake ni mali yangu. Mwaka 1858 mwanasheria mkuu wa serikali, Jeremiah Black, akatoa jibu, haiwezekani. Mtumwa hawezi kupewa hataza kwa sababu sio raia na hawezi kula kiapo, na bwana hawezi kupewa kwa sababu sio yeye aliyebuni. Kisheria ile zana ikawa haina aliyeibuni. Stuart akaenda akaitengeneza na kuiuza hivyohivyo.

Na cherehani, ambayo ndo mashine pekee ya orodha ile iliyoingia kwenye karibu kila mtaa wetu. Elias Howe alipata hataza mwaka 1846, siri yake ni kuliweka tundu la sindano kwenye ncha badala ya kwenye mkia, na uzi wa pili kwa chini unaoufunga wa juu. Isaac Singer akaja 1851 na ya kwake iliyo bora ila ina sindano hiyohiyo, Howe akamshtaki akashinda, na mwaka 1856 wenye hataza wakachoka kushtakiana wakaziweka chungu kimoja wakawa wanagawana. Mwaka huohuo kampuni ya Singer ikaanza kuuza kwa mkopo, unatanguliza kidogo unalipa kila mwezi. Kila mtu anayelipia bodaboda kwa marejesho leo yuko kwenye wazo hilohilo. Je, cherehani ilimpumzisha mama mshonaji wa New York? Shati lililokuwa linachukua masaa kumi na kitu sasa linachukua saa moja, na bei ya kushona shati moja ikashuka, kwa hiyo ili apate hela ya kula ashone mashati mengi zaidi, na cherehani yenyewe anadaiwa.

Jora letu tuliliacha Salem. Likifika Unguja mkokoteni unaishia hapo, manake bara hakuna barabara na ndorobo wanamaliza punda na ng'ombe, kwa hiyo kitambaa kilichofumwa na mashine ya kisasa kuliko zote duniani kinapanda begani kwa mtu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru wa kulipwa, wengine walikuwa watumwa. Wanakwenda na merikani na shanga na nyaya, wanarudi na pembe za ndovu. Zile pembe zikapanda meli zikaenda mpaka Connecticut, vijiji vya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kwa misumeno ya mashine vipande vyembamba kama kucha, zikaanikwa juani kwenye nyumba za vioo ziwe nyeupe, zikawa vibonyezo vya piano. Sandarusi yetu, ule utomvu mgumu wa miti, nayo ikaenda Salem kusafishwa ikawa vanishi. Binti wa familia ya Boston anapiga piano sebuleni, kidole chake kiko juu ya kazi ya Mnyamwezi aliyetembea miezi, na Mnyamwezi amejifunga kiunoni kazi ya binti wa Lowell, na wote watatu wamekaa juu ya mgongo wa mtu wa Alabama ambaye hakulipwa chochote. Hao wanne hawakuwahi kuonana.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 pamba ya kusini ikakatika. Kampuni kubwa za Lowell zikapiga hesabu zikaona pamba iliyo stoo inalipa zaidi ikiuzwa kuliko ikifumwa, zikaiuza, wafanyakazi kwa maelfu wakafukuzwa. Unguja merikani ikawa adimu na ghali, wafanyabiashara wakageukia nguo za Uingereza na Bombay, na Salem haikurudi tena kwenye nafasi yake. Waliobaki na jina ni sisi.

Lile jora la Kariakoo kijana alipolikunjua kupima, mwisho wake kulikuwa na muhuri wa wino wa bluu. Nilikuwa nishajua kusoma vizuri kwa hiyo nikausoma kwa sauti, kilikuwa kiwanda cha hapahapa Tanzania, pamba ya Kanda ya Ziwa. Nikamwambia bibi hii sio ya Marekani. Akaniangalia kama nimesema maji sio ya kunywa, akasema, "Nani kasema ya Marekani? Nimesema merikani. Shika kikapu twende."